Kura zilezile, washindi watatu: haki iko wapi kwenye kiti cha mwanafunzi?

Matokeo ya mwakilishi wa wanafunzi kwenye bodi yakitangazwa, malalamiko huwa yaleyale. "Shule ile tena!" Kuna wanaosema uchaguzi umeibwa, na kuna wanaowajibu kwamba kura ni kura, aliyeshindwa akubali yaishe. Mara nyingi hakuna aliyeiba kitu. Kinachowagombanisha ni kwamba kila mmoja ana picha yake ya neno "haki", na kanuni iliyotumika kumpata mshindi hakuna kati yao aliyewahi kuisoma. Waliikuta pale, imenakiliwa kutoka uchaguzi mwingine, na haikuulizwa maswali mpaka siku ilipomuumiza mtu.

Tuanze na maneno, kwa sababu nusu ya ubishi huu unatoka hapo.

"Bodi ya shule" si kitu kimoja kila mahali. Kenya, kwa mfano, Bodi ya Usimamizi ni ya shule moja, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inampa mwakilishi wa baraza la wanafunzi nafasi ndani yake kwa wadhifa wake. Marekani na Kanada, bodi moja husimamia shule nyingi za eneo zima: inapanga bajeti, inachora mipaka ya nani asome wapi, inaamua habari za mabasi. Ugumu wa haki uko zaidi kwenye aina hii ya pili, maana kiti ni kimoja au vichache na shule zinazokitolea macho ni nyingi. Makala haya yanashughulika na hiyo.

"Mjumbe" nako kuna mjumbe na mjumbe. Katika jimbo la Ontario, Kanada, kila bodi ya umma huwa na mwanafunzi mmoja hadi watatu. Wanakaa mezani na wanasema, lakini kura yao haihesabiki kwenye uamuzi. Kaunti ya Howard, jimbo la Maryland nchini Marekani, mambo ni mengine: mwanafunzi mmoja anakaa na watu wazima saba, na kwenye mambo mengi kura yake ni kura kamili. Wakati wa korona, mwaka 2020, bodi hiyo iligawanyika nne kwa nne juu ya kufungua shule, na kura ya mwanafunzi ilikuwa upande mmoja wa mizani. Wazazi wakaenda mahakamani kuhoji ilikuwaje mtu aliyechaguliwa na watoto akapiga kura kwenye jambo zito namna ile. Mwaka 2022 mahakama ya juu kabisa ya jimbo ilikiacha kiti hicho na kura yake.

Kwa hiyo anayesema "ni uchaguzi wa watoto tu" amechelewa kidogo.

Sasa maneno mawili ya mwisho kabla hatujaingia ndani. Kupata kura nyingi kuliko wenzako ni jambo moja. Kupata zaidi ya nusu ya kura zote ni jambo jingine. Wagombea wakiwa wawili, mambo haya mawili yanakuwa kitu kilekile na hakuna anayeiona tofauti. Akiongezeka wa tatu, yanaachana, na hapo ndipo mgogoro unapozaliwa.

Karatasi hazibadiliki, mshindi anabadilika

Chukua eneo la kubuni lenye shule tano. Moja ni kubwa, ina wanafunzi 1,800. Nyingine zina 900, 700, 400 na 200. Jumla ni 4,000, na tuseme wote wamepiga kura. Kiti ni kimoja, wagombea watatu. Tuwaite Asha, Baraka na Chiku. Asha ametoka shule kubwa. Baraka na Chiku wametoka kwenye shule ndogo, na kilio chao ni kimoja: basi la wanafunzi wanaoishi mbali.

Kila mpiga kura anaandika anayemtaka kwanza, wa pili na wa tatu. Karatasi zikipangwa, yanapatikana mafungu matatu. Karatasi 1,800 zinasema Asha, kisha Chiku, kisha Baraka. Karatasi 1,200 zinasema Baraka, kisha Chiku, kisha Asha. Karatasi 1,000 zinasema Chiku, kisha Baraka, kisha Asha.

Nani ameshinda?

Tukihesabu kwa njia iliyozoeleka, yaani tunatazama chaguo la kwanza tu na mwenye nyingi anachukua, Asha ana 1,800 na ameshinda. Lakini tazama tena: wanafunzi 2,200, zaidi ya nusu, wamemweka mwisho kabisa. Amepita kwa sababu wenye kilio cha basi waligawana kura zao mara mbili. Hilo ndilo jibu la "shule ile tena". Shule kubwa haihitaji kuiba. Ikisimamisha mtu mmoja na wengine wakasimamisha watatu, hesabu imeshakwisha kabla sanduku halijafunguliwa.

Tukisema mshindi lazima apate zaidi ya nusu, na asipopatikana wa mwisho aondolewe na karatasi zake zihamie kwa chaguo linalofuata, Chiku anatoka. Karatasi zake 1,000 zinakwenda kwa Baraka, naye anafika 2,200. Baraka ameshinda. Australia imekuwa ikichagua wabunge wake kwa njia ya namna hii tangu mwaka 1918, kwa hiyo si mchezo wa wanahisabati.

Tuje ya tatu. Tuwakutanishe wawili wawili, kama timu kwenye ligi. Chiku na Asha: 2,200 wanampendelea Chiku, 1,800 wanampendelea Asha. Chiku na Baraka: watu wa Asha 1,800 wanajumlishwa na wa Chiku 1,000, jumla 2,800 kwa 1,200. Chiku amemshinda kila mmoja ana kwa ana. Huyuhuyu Chiku ambaye kwa njia ya pili ndiye aliyetolewa wa kwanza!

Karatasi ni zilezile, hakuna aliyebadilisha mawazo, na tumepata washindi watatu.

Njia hii ya kukutanisha wawili wawili ilielezwa na Mfaransa Condorcet mwaka 1785. Mwenzake, Borda, alikuwa na yake: wa kwanza apewe pointi mbili, wa pili moja, wa tatu asipewe kitu. Kwa karatasi zetu, Asha anapata 3,600, Baraka 3,400, Chiku 5,000. Chiku tena. Ila njia ya pointi ina tundu linalojulikana: mfuasi mjanja wa Asha, akishajua mpinzani mkali ni Chiku, atamshusha Chiku mwisho hata kama moyoni alimweka wa pili. Wakifanya hivyo wote 1,800, Chiku anabaki na 3,200, Baraka anapanda hadi 5,200, na mjanja amemwingiza madarakani mtu ambaye kwake alikuwa wa mwisho. Ujanja mwingi, mbele giza.

Msomaji ataniuliza: basi njia ipi ndiyo ya haki? Hapa kuna habari ambayo wengi huisikia nusu. Mwaka 1951 mchumi Mmarekani Kenneth Arrow alithibitisha kihisabati kwamba wagombea wakifika watatu au zaidi, hakuna kanuni ya kujumlisha mapendeleo inayotimiza kwa pamoja masharti machache ambayo kila mtu angeyaona ya kawaida. Hata njia ya Condorcet inaweza kukwama: kundi moja linapanga A, B, C, la pili B, C, A, la tatu C, A, B, na ukiwakutanisha wawili wawili unapata kile kitu cha mkasi, karatasi na jiwe. Mkasi unakata karatasi, karatasi inafunika jiwe, jiwe linavunja mkasi, na bingwa hayupo.

Wapo wanaolitumia jambo hilo kusema uchaguzi wa haki hauwezekani, tuache kupoteza muda. Arrow hakusema hivyo. Alichoonyesha ni kwamba kila kanuni ina kasoro yake, nawe unachagua kasoro unayoweza kuishi nayo. Kwa kiti kimoja cha mwanafunzi, mimi naona kanuni mbaya kuliko zote ni ile iliyozoeleka zaidi, ya mwenye nyingi kuchukua, kwa sababu inawaadhibu watu kwa kosa la kufanana mawazo. Kati ya Baraka na Chiku nitakuacha uamue mwenyewe. Chiku hana anayemchukia, lakini pia wanaompenda kwa dhati ni wachache kuliko wote, na kuna wanaoona kwamba mjumbe wa namna hiyo mara nyingi ni yule ambaye hakuahidi lolote.

Kuna dhana moja lazima niiguse, kwa sababu huwa inaua mjadala: kwamba kupanga wagombea kunawapa baadhi ya watu kura mbili. Sivyo. Kwenye duru ya pili kila karatasi inahesabiwa tena mara moja. Karatasi ya mfuasi wa Asha inahesabiwa kwa Asha kwa mara ya pili, kwa kuwa Asha bado yumo. Ya mfuasi wa Chiku inahesabiwa kwa Baraka kwa kuwa Chiku ametoka. Ni kama kuagiza kitu dukani ukamwambia unayemtuma, "kikikosekana, niletee kile." Mwisho wa safari utarudishiwa kitu kimoja tu.

Shule kubwa, shule ndogo

Hapo juu nimemhesabu mwanafunzi mmoja mmoja. Wengine wanataka kuhesabu shule. "Shule moja, kura moja" inasikika tamu, na shule ya watu 200 inaipenda sana. Ipimeni. Shule zetu ni tano, kwa hiyo tatu zinatosha kushinda. Tatu ndogo zina wanafunzi 700, 400 na 200. Ikiwa wagombea ni wawili, unahitaji 351 kwenye ya kwanza, 201 kwenye ya pili na 101 kwenye ya tatu. Jumla ni wanafunzi 653 kati ya 4,000, kama asilimia 16, na wametosha kuwachagulia wote. Tumeondoa ubabe wa shule kubwa tukaweka ubabe mwingine.

Njia ya katikati inayopendekezwa mara nyingi ni wajumbe kwa uwiano: kila wanafunzi 100 watoe mjumbe mmoja, kisha wajumbe wachague. Tunapata wajumbe 18, 9, 7, 4 na 2, jumla 40, na wa kushinda anahitaji 21. Inaonekana sawa kabisa. Lakini tuseme kila shule inapiga kura kwa pamoja, kama inavyotokea mara nyingi. Shule ya 18 ikiungana na ya 9, imeshinda. Ikiungana na ya 7, imeshinda. Na ya 4, imeshinda pia. Bila shule kubwa, zile nyingine zote nne lazima ziungane. Ukilitazama hilo vizuri, shule yenye wajumbe 9 na yenye wajumbe 4 zina nguvu sawasawa: kila mahali ambapo moja inaweza kugeuza matokeo, na nyingine inaweza. Wajumbe watano wa ziada ni mapambo. Mwaka 1965 mwanasheria John Banzhaf alionyesha jambo la aina hii kwenye baraza la Kaunti ya Nassau, New York, ambako wajumbe wengine walikuwa na kura zenye uzito kwenye karatasi huku haziwezi kugeuza uamuzi wowote.

Zamu? Mwaka huu shule hii, mwakani ile. Inatuliza watu, na kwa shule mbili au tatu naiona ni sawa. Kwa shule tano kuna mwanafunzi atakayesoma miaka minne amalize bila kuona zamu ya shule yake.

Mimi huvutiwa zaidi na masharti mawili kwa pamoja: wingi na mtawanyiko. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inamtaka rais apate zaidi ya nusu ya kura zote na vilevile angalau robo ya kura katika kila moja ya zaidi ya nusu ya kaunti 47, yaani angalau 24. Ukiishusha fikra hiyo kwenye bodi, unaweza kusema mshindi apate zaidi ya nusu ya kura zote na angalau robo ya kura katika shule tatu kati ya tano. Mgombea wa shule kubwa bado anaweza kushinda, ila lazima apande gari aende kuonana na wale 200. Uandike pia itakuwaje asipopatikana wa kutimiza yote mawili, la sivyo umetega bomu.

Viti vikiwa viwili au vitatu, mtego ni mwingine. Kanuni inayosema "viti vitatu, kila mtu ana kura tatu" inaonekana ya ukarimu. Kumbe kundi lenye asilimia 51, likisimamisha watu wake watatu na kuwapigia wote, linabeba viti vyote vitatu, na asilimia 49 wanarudi mikono mitupu. Kwa viti vitatu ni afadhali kila mtu awe na karatasi moja ya kupanga wagombea, na kura zihamishwe, kama wanavyochaguliwa wabunge wa Ireland. Hapo kundi lolote lenye zaidi ya robo ya kura, likishikamana, lina uhakika wa kiti kimoja.

Kabla ya sanduku

Hesabu zote hizi ni bure ikiwa majina yamechujwa chumbani. Sharti la alama za darasani, barua ya mwalimu mkuu, "nidhamu nzuri" bila maelezo ya nidhamu ni nini: haya huamua zaidi ya kura zenyewe. Mchujo si lazima uwe wa hila. Katika Kaunti ya Montgomery, Maryland, wagombea hupunguzwa hadi wawili kwenye mkutano wa wawakilishi wa wanafunzi, kisha wanafunzi wa sekondari wa kaunti nzima ndio wanaochagua kati ya hao wawili. Tofauti ni kwamba wanaochuja ni wanafunzi, na wanachuja mbele za watu.

Halafu usiri. Niliwahi kuwa msimamizi wakati darasa la watu arobaini likichagua kwa kunyoosha mikono. Nilisimama mbele, kwa hiyo niliwaona. Jina la kwanza lilipotajwa, mikono ya madawati ya mbele ilipanda mara moja. Ya nyuma haikupanda mpaka vichwa vilipogeuka kuangalia dawati moja la kona, kisha ikapanda yote pamoja. Kwa udadisi tu nikawaambia turudie, mara hii kwa vipande vya karatasi. Mshindi wa mikono alikuwa wa tatu. Dawati la kona lilinitazama vibaya mpaka mwisho wa muhula. Wakenya wenye umri wanaijua hadithi hiyo kwa ukubwa wake: mwaka 1988, kwenye uteuzi wa wagombea wa KANU, chama tawala cha wakati huo, wapiga kura walipangwa foleni nyuma ya picha za wagombea wao, na neno "mlolongo" limebaki kuwa tusi la kisiasa hadi leo.

Siku hizi shule nyingi hupigia kura kwenye kompyuta, na watu hudhani mashine imemaliza ubishi. Mashine hufuata ilichoambiwa. Mwaka 2022, huko Oakland, California, kulikuwa na uchaguzi wa mjumbe mtu mzima wa bodi ya shule kwa karatasi za kupanga wagombea. Baadhi ya wapiga kura waliacha wazi nafasi ya kwanza wakaanza kujaza ya pili. Kanuni ilitaka chaguo hilo la pili lipandishwe mara moja lihesabiwe kama la kwanza, lakini programu ya kuhesabu haikuwa imepangwa hivyo. Mtu akatangazwa mshindi rasmi, na kosa likagunduliwa mwishoni mwa Desemba. Ikabidi mwaka uliofuata mahakama iseme kwamba mshindi ni mwingine. Yote hayo kwa mpangilio mmoja tu wa programu.

Ndiyo maana ninapoulizwa uchaguzi wa wanafunzi ulikuwa wa haki au la, huwa naomba kwanza kuona ukurasa wa kanuni, na ninatafuta tarehe yake. Iliandikwa kabla majina hayajajulikana? Karatasi iliyojazwa nusu inahesabiwaje? Wakifungana je?

La kufungana watu hulipuuza kwa kuwa hawaamini linatokea. Jimbo la Virginia, Marekani, uchaguzi wa mwaka 2017 uliacha wagombea wawili wa kiti kimoja cha bunge la jimbo na kura 11,608 kila mmoja. Sheria ilikuwa imeshasema tangu awali: kura ya bahati nasibu. Januari 2018 majina mawili yalitiwa kwenye vikopo vya filamu za kamera, vikopo vikawekwa kwenye bakuli mbele ya kamera za televisheni, na mkono mmoja ukazama kuchukua kikopo.